Sungura Aliyekaa Mbali na Watoto Wake

Majani ya viazi vitamu yakikatwa asubuhi kabla umande haujakauka, hutoa harufu ambayo mpaka leo sijapata cha kuifananisha nacho. Kuna ubichi ndani yake, kuna udongo uliolowa, na kuna utamu mdogo wa ule utomvu mweupe unaonata vidoleni na baadaye kugeuka mweusi. Ukienda nao shuleni, mwalimu wa zamu anakuuliza kama kwenu hakuna maji. Harufu hiyo ikinikuta popote, hata pale sokoni wanapotupa mafungu yaliyonyauka, mimi narudi moja kwa moja kwenye mwezi wa sita wa mwaka niliokuwa darasa la tatu. Najiona nimechuchumaa ndani ya jiko letu la nje, pembezoni mwa mji wa Biharamulo, nina majani mkononi, nambembeleza sungura wa kijivu ambaye amenigeuzia mgongo kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Nilimwita Majivu. Siku zile za mwanzo alinihesabu kuwa kimojawapo cha vyombo vya jikoni.

Mama ndiye aliyemleta. Baba alifariki kabla sijaanza shule, na tangu hapo mama alikuwa akipika chai na maandazi stendi ya mabasi. Kazi ya stendi haina asubuhi ya kistaarabu. Abiria wa mabasi ya mbali wanataka kitu cha moto tumboni kabla hakujapambazuka, kwa hiyo mama aliamka wakati jogoo bado anajifikiria, akakanda, akakaanga, akajitwika beseni na kuondoka. Na alirudi jua likiwa limekwisha kuzama nyuma ya lile boma la Wajerumani. Mchana nilikuwa chini ya jicho la jirani yetu, Bi Zainabu, ambaye jicho lake lilitosha kijiji kizima. Lakini nyumbani nilikuwa peke yangu, na mama alilijua hilo. Mwenzake mmoja wa pale stendi, anayeishi Nyarubungo, alikuwa amechoshwa na mbwa waliomsumbulia sungura wake, akawa anawagawa. Mama akarudi jioni moja na kikapu kilichofunikwa kwa kitenge. Akakiweka chini, akasema, "Huyu ni wa kukaa na wewe." Nilifunua, nikaona masikio mawili na jicho moja jeusi lililonitazama pembeni, na moyo wangu ukaenda wote mle kikapuni.

Nilikuwa nimetarajia rafiki. Nilichopata ni mgeni mwenye mambo yake. Tulimpa mtumbwi wa mbao ambao babu, baba yake mama, alikuwa akikandia ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi, mtumbwi mkubwa uliopasuka upande mmoja ukabaki jikoni hauna kazi. Akautumia kujifichia. Mbwa akipita njiani, Majivu alipiga ardhi kwa mguu wa nyuma, pu!, mpaka nikadhani kuna kitu kimeanguka kutoka darini, kisha akaganda kama amechongwa. Wakati mwingine alitafuna kinywa kitupu, meno yakisagana taratibu, hana hata jani moja mdomoni. Siku moja nilimkuta amejitupa ubavu, miguu amenyoosha, jicho limefifia, nikatoka mbio nikilia hadi kwa Bi Zainabu kwamba amekufa. Tuliporudi alikuwa ameketi analamba masikio yake. Bi Zainabu alimtazama, akanitazama na mimi, akasema, "Amepumzika tu, mwanangu. Hata wewe ukilala unatisha." Lililonishinda kabisa ni pale nilipomwona ameinama, amechukua kinyesi chake mwenyewe kwa mdomo, amekimeza bila haya. Hilo sikumwambia mtu. Nilihisi nikilisema, litaonekana limetoka nyumbani kwetu.

Likizo ilipoanza akaja shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, jina lake Jenerosa, mwanamke mrefu wa Ntobeye kule Ngara, mwenye sauti ya kuitia mbuzi mlima wa pili. Alishuka na gunia la maharage mapya, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na mfuko wa chumvi ya mawe ambao haukuachana na mkono wake. Nikampokea, nikapiga goti, "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kihangaza chake, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayekagua bidhaa. Nilijua kwa nini amekuja. Watu wazima husahau kwamba kuta za matofali mabichi hazizuii maneno. Habari zilikuwa zimefika Ntobeye kwamba Devota, mtoto wa marehemu, anashinda peke yake, anakula peke yake, mama yake haonekani mchana. Shangazi alikuwa amekuja kuangalia, na akiona ni kweli, arudi na mimi. Kwa desturi za kwao hilo halikuwa jambo la kuulizana sana. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Nami nilimpenda shangazi, hilo nalisema wazi, lakini nililala usiku ule nimeshika pindo la gauni la mama kwa ngumi.

Shangazi hakuwa mtu wa kukaa kitako na kungoja chai. Siku ya kwanza alifagia ua, siku ya pili akamgeukia Majivu. Inafaa mjue kwamba yeye alikuwa mfugaji wa mbuzi, na si wa kubahatisha. Ntobeye nzima mbuzi akikwama kuzaa, aliitwa yeye. Alimjua mbuzi kwa sauti, kwa mwendo, kwa namna anavyotupa mkia. Kwa hiyo alipomwangalia sungura, aliona mbuzi mdogo aliyeharibika. Zile taya zinazotafuna pasipo chakula zilimfurahisha: "Anacheua! Ni ndugu yao huyu." Alipogundua ile siri ya kula kinyesi, ambayo mimi nilikuwa nimeificha majuma mawili, hakushangaa hata kidogo. "Amekosa chumvi," akasema. "Hata mbuzi akikosa chumvi hula udongo, hulamba ukuta, hula nguo za watu." Akavunja kipande cha chumvi ya mawe, akakiweka mbele ya Majivu kwa heshima zote. Majivu akakinusa, akakiruka, akaenda kukaa juu ya kuni. Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mkaidi kama baba yako," akaniambia, na kwa mara ya kwanza nikasikia baba akitajwa nyumbani kwetu kwa kicheko.

Baada ya hapo Majivu akazidisha vituko. Alianza kuokota maganda makavu ya mgomba na mabua ya maharage, anayapanga mdomoni kwa upana, yanatokeza pande zote mbili kama masharubu ya mzee, halafu anayapeleka ndani ya mtumbwi. Anarudi, anabeba mengine. Nilimfuata kutwa nikicheka. Kufika jioni kicheko kilikoma, maana alikuwa ameanza kujing'oa manyoya. Alishika ya kifuani kwa meno, akayavuta, yakatoka mashada mashada, mpaka ngozi ya waridi ikaonekana. Nilipiga kelele. Shangazi alikuja, akamgeuza, akatikisa kichwa. "Upele. Mbuzi akishikwa na upele hujikwaruza mpaka hubaki uchi. Kesho tutamwogesha dawa." Mama aliporudi nilimsimulia, akainama na tochi kwenye mtumbwi, akatazama kwa muda yale mabua na yale manyoya. Alisema tu kwamba kesho ni siku, tumwache alale.

Asubuhi nilipoingia jikoni, mama alikuwa ameshaondoka, makaa bado mekundu chini ya majivu. Ndani ya mtumbwi manyoya yalikuwa yanatetemeka. Niliyagusa kwa kidole, na chini yake kulikuwa na joto, na ndani ya lile joto vitu vidogo vinajinyonganyonga, havina nywele, havina macho, vyekundu kama vidole vya mtoto mchanga. Mgeni wetu kutoka Nyarubungo alikuwa amekuja na mimba. Sikuwahi kumwona shangazi akitabasamu namna ile. Aliinama akavihesabu kwa midomo, sita, akasema baraka imeingia nyumbani. Tena akajicheka mwenyewe kwa ule upele wake. Alikuwa na tabia hiyo nzuri ambayo watu wenye sauti kubwa huwa hawana mara nyingi: akikosea alikuwa wa kwanza kucheka.

Lakini siku haikuisha kwa kicheko. Tulingoja Majivu aende kunyonyesha, hakwenda. Alikaa kule juu ya kuni, mbali kadiri jiko lilivyoruhusu, masikio yameinuka, hata shingo haelekezi upande wa mtumbwi. Nikamwekea majani ya viazi karibu na watoto ili afike. Akanyoosha shingo, akavuta jani, akarudi nalo kule kule. Mchana ukapita. "Amewakataa," akasema mwishowe. Alijua la kufanya, kwa sababu wapo mbuzi pia wanaokataa watoto, hasa wa uzazi wa kwanza. Unachukua chumvi, unalowesha, unampaka mtoto mgongoni. Mama akinusa chumvi anaanza kulamba, akilamba anapenda, akipenda anasimama anyonywe. Ndivyo alivyookoa wana-mbuzi wengi kule mlimani kwao. Akaloweka chumvi kwenye kifuu, akawatoa wale watoto mmoja mmoja, akawapaka kwa kidole chake kikubwa, taratibu kuliko nilivyodhani kidole kile kingeweza. Kisha akamkamata Majivu na kumkandamiza juu yao. Majivu hakulamba. Alipiga teke, akamchana shangazi mkono kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, akaruka, akapotelea nyuma ya kuni. Shangazi alitazama damu yake inavyotiririka, akasema kwa mshangao wa kweli, "Mama gani huyu?"

Kesho yake mmoja alikuwa amekufa, yule mdogo kuliko wote. Tulimkuta ukingoni mwa mtumbwi, amepoa. Shangazi alimfunga kwenye jani la mgomba, tukamzika kando ya shamba la viazi, nami nililia kilio cha kutosha maziko ya mtu mkubwa. Majivu alishinda juu ya kuni kama jana. Jioni mama aliporudi, hajatua hata beseni vizuri, shangazi alimwambia habari zote, na akamalizia kwamba wale waliobaki hawatafika Jumapili. Afadhali sungura yule achinjwe Ijumaa awe mboga, kuliko kulisha kitu kisicho na moyo. "Wifi, mimi nimefuga," akasema. "Mnyama anayewaacha watoto wake mchana kutwa, hawaangalii, hawagusi, huyo si mama." Maharage yalitokota chunguni. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Nilijua kwamba jikoni mle hakukuwa na mtu aliyefikiria sungura peke yake. Shangazi mwenyewe alishtuka kidogo na maneno yake, lakini alikuwa ameshayatoa, na kwa kuwa yametoka akayafuatisha na yale aliyokuja nayo: Jumamosi angepanda basi la Ngara, na angependa niende naye. Kule kuna mabinamu, kuna maziwa, kuna mtu nyumbani saa zote. Alisema bila ukali. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilimwangalia mama. Niliomba moyoni apaze sauti, aseme mtoto ni wangu, agonge meza. Mama hakuwa mtu wa kugonga meza. Alikuwa anajifuta unga kwenye kucha, unga ambao haukumtoka kabisa siku zote za utoto wangu. "Devota ni wenu, wifi," akasema. "Hilo sijawahi kulikataa. Na ukiona ni vema aende, atakwenda. Ila nina ombi moja." "Sema." "Kesho amka na mimi." Shangazi alimtazama kana kwamba ameombwa kitu cha ajabu. "Kwa nini?" "Amka tu na mimi, wifi. Tukanywe chai." Yakaishia hapo. Nilikwenda kulala na hasira. Niliona mama ameniuza kwa kikombe cha chai.

Tangu usiku wa pili nilikuwa nikilala kitanda kimoja na shangazi, yeye upande wa ukuta, na kwa kawaida alikoroma hadi jua linapomgusa. Alfajiri ile niliamshwa na baridi ya upande alioacha. Mwezi wa sita kwetu asubuhi ni kali, ukungu unaingia mpaka chini ya mlango. Sikufungua macho mara moja, kwa sababu nilihisi mkono miguuni pangu. Lazima nieleze kwamba kiangazi kile wenzangu wote visigino vyao vilipasuka, vikavuja damu, wakatembea kwa vidole. Vyangu havikupasuka. Sikuwahi kujiuliza. Niliamka kila siku na miguu laini, nikadhani ndivyo miguu yangu ilivyoumbwa. Sasa nilifungua jicho kidogo, nikamwona mama ameketi mwisho wa kitanda, amefunua blanketi upande wa miguu tu, anasugua mafuta ya mgando kwenye nyayo zangu, kwenye visigino, katikati ya vidole, polepole ili asiniamshe, kisha ananifunika na kukunja blanketi chini ya miguu lisitoke. Mlangoni alisimama shangazi na kitenge chake mabegani, ameshika tochi ameielekeza chini. Mama alipoinuka alimpita, wakatoka wote wawili, nami nikajizungushia blanketi nikawafuata kwa hiyo miguu yangu ya mafuta.

Jikoni moto ulikuwa umeshawaka, karai liko juu, unga umeumuka kwenye beseni. Mama alimpa shangazi kigoda na kikombe, akamwambia kwa sauti ya chini, "Zima tochi. Tusiongee." Nami nikajibana kando ya mlango. Mama alikaa akaanza kukata maandazi na kuyatumbukiza, mgongo kwa mtumbwi, kama alivyofanya kila alfajiri, na mafuta yakaanza kuimba. Kisha nikasikia kucha zikiparua kuni. Majivu alishuka. Alikwenda mpaka katikati ya jiko, akasimama, masikio yakazunguka, akasikiliza nje kote. Akaruka ndani ya mtumbwi. Kwa mwanga wa moto niliona ameinama juu ya watoto, amesimama wima na miguu yake imeachana kidogo, hatikisiki, na chini yake yale manyoya yanachemka kwa watoto waliogeuza matumbo juu wakinyonya kwa pupa hata vilio vyao vyembamba vikasikika. Haikuchukua muda. Mama alikuwa hajaopoa maandazi ya kwanza karaini, Majivu alikuwa ameshamaliza. Akayavuta manyoya kwa mdomo na mikono ya mbele, akawafunika, akaruka nje, akarudi juu ya kuni, akageuza uso kama asiyemjua yeyote mle ndani.

Shangazi aliweka kikombe chini. Alikwenda kwenye mtumbwi, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya manyoya, na nikaona akifanya kile ambacho nilikuja kumwona akikifanya kwa mbuzi mara nyingi baadaye: alipima matumbo. Kwa wafugaji wa kwao hiki ndicho kipimo. Huulizi kama mama ni mpole au mkali, unashika tumbo la mtoto. Akamtoa mmoja karibu na moto. Tumbo lilikuwa duara kama zabibu, ngozi nyembamba kiasi kwamba ungeweza kuyaona maziwa ndani, meupe. Akamshika wa pili. Akamshika wa tatu. "Wameshiba," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya kuitia mbuzi. "Wote wameshiba. Hata jana walikuwa wameshiba?" "Jana nilimwona akinyonyesha," mama akajibu, akigeuza andazi. "Saa hii hii. Mchana sijui, wifi, mchana mimi sipo." Akaopoa maandazi, akayafunika, akajaza chupa za chai. Uji wangu alikuwa ameshaupika. Aliuweka kando ya makaa kwenye sufuria ndogo, akaufunika na jani la mgomba na sahani juu yake. Alijitwika beseni, akamuaga wifi yake kwa heshima kama siku zote, akaingia kwenye ukungu.

Shangazi alibaki amekaa pale mpaka kukapambazuka, na Majivu alibaki pale juu ya kuni, wanatazamana. Niliogopa kusogea. Mwishowe aliniita, nikaketi karibu naye, naye akaanza kuongea kama mtu anayejieleza mwenyewe. Alisema mwana-mbuzi akizaliwa, jua halijasogea ameshasimama, anamfuata mama yake. Kwa hiyo mama anaweza kumkinga kwa pembe. "Hawa hawana macho, hawana miguu. Na mama yao hana pembe. Akikaa hapo mchana kutwa, harufu yake inamwita mbwa, inamwita nyoka. Anakwenda mbali ili adui amtazame yeye." Akalitazama lile jeraha la mkono wake. "Na mimi nikamshika kwa nguvu, nikampaka chumvi yule mdogo, ngozi yenyewe ile. Yule nilimuua mimi." Halafu akaepua uji wangu, akaninywesha pale pale, akakaa akinitazama hadi tone la mwisho. Nilipomaliza akanyoosha mkono wake mkubwa, akaupitisha chini ya blanketi, akaniwekea kiganja tumboni. Akakiacha pale. Kisha akashika mguu wangu mmoja, akapitisha kidole kwenye kisigino, na nikaona macho yake yamelowa. Sikumwuliza. Mtu mrefu vile akilia, unaona haya wewe.

Jumamosi alipanda basi la Ngara peke yake. Mimi na mama tulimsindikiza stendi, na kabla hajapanda alisema mbele ya kondakta na wapagazi, kwa ile sauti yake ya mlimani, ili kila aliyepeleka maneno Ntobeye apate na ya kurudisha: "Wifi, mtoto ameshiba. Kule nitawaambia nimempima mwenyewe." Mama, ambaye sikumwona akilia hata siku moja mbele ya watu, alijifanya moshi wa basi umemwingia machoni. Mfuko wa chumvi ya mawe shangazi aliuacha jikoni kwetu, akasema hauna kazi nyingine isipokuwa maharage. Watoto wa Majivu walifumbua macho, wakaota manyoya, wakawa wanakimbizana ndani ya ule mtumbwi wa babu mpaka wakajifunza kuuruka. Jike mmoja tulimpakia kwenye kikapu, tukampeleka stendi, akaenda Ntobeye. Huo ukawa mwanzo wa sungura wa shangazi Jenerosa, ambao mpaka leo vijana wa Ngara wanakwenda kuwachukulia mbegu.

Leo mambo ni mepesi. Mwanangu wa miaka sita alipoletewa sungura na mjomba wake, na sungura akaanza kujitupa ubavu na kutafuna kinywa kitupu, mimi mwenyewe nilitoa simu na kabla maji hayajachemka nilikuwa nimesoma kila kitu: kwamba kujitupa ubavu na kusaga meno taratibu ni kuridhika, kwamba kile kinyesi laini wanachokila ni chakula kinachopita tumboni mara ya pili, kwamba mama hunyonyesha kwa muda mfupi sana na kuondoka. Yote yale yaliyotutoa machozi na jasho katika jiko la Biharamulo yako pale, yamepangwa. Ninafurahi. Tungeyajua siku zile, wangekuwapo watoto sita, si watano. Lakini nawaza kwamba kama shangazi angekuwa na simu mwezi ule, angesoma habari za sungura akiwa kitandani, na asingeamka na mama. Nami ningekulia Ntobeye, kwa upendo na maziwa mengi, nikiamini maisha yangu yote kwamba mama yangu alikuwa mtu asiyeonekana mchana.

Siku hizi ninafanya kazi hospitalini, zamu ya asubuhi, na mimi pia huondoka nyumbani kabla mwanangu hajaamka. Wapo wanaonisema. Mama yangu ametangulia mbele za haki, asingewajibu hata kama angekuwapo. Pasaka iliyopita nilimpeleka mtoto Ntobeye kumwamkia shangazi. Amezeeka, macho yamemfifia, anawatambua sungura wake kwa kuwapapasa. Mtoto akampigia goti, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, akamvuta karibu. Hakuniuliza ninatoka nyumbani saa ngapi wala nani anashinda na mtoto. Aliingiza kiganja chake chini ya shati la mwanangu, akakituliza tumboni, akatulia kama anayesikiliza. Kisha akainama kwa shida, akamvua kiatu kimoja, akapitisha kidole kwenye kisigino chake, mara moja, mara ya pili. Akanusa kidole kile chenye mafuta. "Nenda ukacheze," akamwambia.